Jina Lililokosekana Kwenye Barua

Dar es Salaam,
9 Septemba 1974

Mpendwa ndugu yangu Esta,

Nakusalimu kwa upendo mwingi, nikitumaini karatasi hii itakukuta mzima, pamoja na shemeji Kristofa na binti yenu Jenoveva. Mama yako, mama yangu mkubwa, mpe shikamoo yangu. Je, miguu bado inamsumbua siku za baridi? Mimi sijambo, ila joto la huku linanichosha, na kila asubuhi nazikumbuka zile za kwetu milimani, tukipasha mikono joto kwenye mvuke wa maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi.

Umeniuliza kazi yangu ni nini hasa. Ofisini kwetu kuna mashine iitwayo kompyuta, kubwa kama makabati manne yaliyopangwa pamoja, nami huitolea maagizo kwa kadi zenye matundu. Juzi mkubwa wangu, Ndugu Mbaraka, alitaka iandike yenyewe barua za Kiingereza za kuagiza vifaa vya vijiji kutoka ng'ambo. Mashine ilikuwa na orodha tu: majembe, mbegu, saruji. Kuziunganisha ziwe Kiingereza cha watu haikujua. Iliweka "and" kila mahali, hata mwisho kabisa, kama mtu aliyekatizwa kauli. Tulihangaika wiki nzima.

Ndipo nikakumbuka darasa letu la Mlola, ukungu ukiingia madirishani, na Mwalimu Fanueli akitugawia vipande vya boksi vyenye maneno ya Kiingereza tuvipange mezani. Sisi wengine tulivisukuma huku na huku. Wewe ulitoa maharage mfukoni yawe koma. Ukasema, "Neno likiwa moja, liache. Yakiwa mawili, 'and' inatosha, harage la nini? Yakizidi, weka maharage, halafu 'and' mara moja tu, kabla ya la mwisho." Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani.

Niliipa mashine maneno yako hayohayo, ikatii. Ndugu Mbaraka alinipa mkono mbele ya wenzangu, akauliza nilijifunza wapi. Nikamjibu shuleni. Sikukutaja, Esta, na haikuwa mara ya kwanza.

Katika barua yako ya mwezi uliopita umeniambia Jenoveva analia kwa ajili ya Kiingereza, nawe umemtuliza kwamba asijisumbue, mama yake naye hakuwa na kichwa cha lugha hiyo, ndiyo maana shule ya bweni haikumtaka. Niliposoma hapo nilifunga mlango wa chumba changu nikalia.

Shule haikukukataa. Haikupata jina lako. Mwaka ule wa 1962 macho ya Mwalimu yalikuwa yameanza kufifia, akanipa karatasi yenye majina matatu aliyoyapendekeza, niyanakili katika barua ya Kiingereza kwa mkuu wa ile shule ya bweni. La kwanza lilikuwa lako, kisha la Raheli, kisha langu. Mimi nikaandika Raheli and Secilia. Majina mawili, hakuna koma. Barua ilipendeza, Mwalimu akaitia sahihi. Nilikuwa nimechoka kuwa nyuma yako kila siku. Nilidhani mtu atauliza, na hakuna aliyeuliza. Asubuhi ya kuondoka, wewe ndiwe uliyenibebea sanduku mpaka barabarani, ukasimama pale hadi lori likapiga kona.

Msamaha siuombi kwa posta. Desemba nina likizo, nitakuja Kwai, na ukinifungia mlango nitajua ni haki yako. Mwalimu Fanueli nimekwisha kumwandikia. Lakini jambo moja lisingoje Desemba. Mwite Jenoveva leo, umwambie mama yake alikuwa wa kwanza katika Kiingereza darasa zima. Asipoamini, msomee barua hii, usiruke neno.

Wasalimie majirani na watu wazima wote unaowafundisha kisomo. Msalimie tena Mama mkubwa, ambaye naye anastahili kuyajua haya.

Ni mimi ndugu yako,
Secilia