Maji ya Kusuuzia

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje, na bomba la hapo Nkuhungu limeanza kutoa maji, au bado mnapanga ndoo? Mimi ni mzima wa mwili, ila nimechoka. Baridi ya Ujerumani haina adabu. Lile koti la mitumba ulilonichagulia limerudi kwao, na hata lenyewe naona linatetemeka.

Uliuliza ni kazi gani hii isiyoniruhusu kuja kumwozesha Zuhura, wakati baba ametangulia na wali wake wa ndoa ni mimi. Tunatengeneza kemikali zenye salfa, za kutafutia dawa. Kila moja ina pacha wake, wanafanana kama kandambili ya kulia na ya kushoto, nasi tunataka ya kulia peke yake. Anayechagua ni metali, kiasi cha punje za chumvi, tukisukuma gesi ya haidrojeni ndani ya chupa ya chuma. Profesa alisema nikiipata, niende nyumbani.

Miezi mitatu, Mama, nafungua chupa nakuta mzigo uko vilevile nilivyouweka. Nilianza kuamini nimerogwa. Wiki iliyopita fundi wa maabara, mama mmoja mtu mzima, alisimama nyuma yangu nikiosha vyombo. Akauliza, "Siku zote unaosha hivyo?" Nilikuwa nasuuza chupa tano kwa maji yaleyale, kidogo kidogo, kama ulivyotulea. Kumbe mabaki ya salfa ghafi yalikuwa yanahama chupa hadi chupa na kuiua metali.

Nikafungua bomba nikaliacha litiririke. Roho iliniuma kuyaona maji yakienda bure. Jana ya kulia imetoka, karibu yote. Lakini profesa anataka niirudie mara mbili zaidi, na harusi ndiyo hiyo imefika.

Basi, kwa barua hii, mimi kaka yake Zuhura nampa Baba Mdogo uwakala wa kumwozesha kwa niaba yangu. Isomwe mbele ya shehe na mashahidi. Mstari huu nimeuandika mara nne.

Nisalimie Baba Mdogo, Bibi kule Mlali, na jirani yetu fundi cherehani aliyenishonea suruali ya safari. Zuhura mwambie ukweli, kwamba kaka yake amekosa harusi kwa kubana maji. Atacheka, anatujua. Akimaliza kucheka, kaa naye.

Mwanao,
Rajabu