Mwanasayansi wa Ukutani

Ibighi, Tukuyu
3 Julai 2024

Mdogo wangu Tulinagwe,

Ugonile, umelalaje? Sisi huku tumeamka, na kwa baridi hii ya Julai kuamka kwenyewe ni ushujaa. Mama Hellen hajambo, kifua kimemwachia. Hellen yuko kidato cha pili, anarefuka bila kuomba ruhusa. Shemeji Erasto mzima? Morogoro bado mnalala bila blanketi?

Najua una simu, nami ninayo, lakini vidole vyangu ni vinene, nikibonyeza herufi moja zinatoka tatu. Kwa hiyo barua hii imelala juu ya maparachichi, mwambie kondakta akukabidhi vyote.

Nimepata kazi. Shule ya sekondari anakosoma Hellen imejenga maabara, na mkuu wa shule, Mwalimu Medard, anataka picha kubwa ya mwanasayansi kwenye ukuta unaotazama barabara. Unaujua ufundi wangu: vichwa vya saluni za kunyolea, na yule ng'ombe wa duka la pembejeo ambaye watu hadi leo wananiuliza ni mbwa wa aina gani. Mkuu kanipa mfano kutoka kwenye simu yake: mzungu mzee, upara katikati, nywele za pembeni zimesimama kama kaguswa na umeme, miwani, koti jeupe, mkononi chupa inayofuka moshi. Nimeshamaliza mwili. Kwa kuwa wewe ndiye mwanasayansi wa ukoo, nakuuliza: moshi uwe wa rangi gani?

Kaka yako,
Nsajigwa


Morogoro
14 Julai 2024

Shikamoo kaka,

Sisi wazima, Erasto anakusalimu. Maparachichi yamefika, mawili tu yamepondeka. Wifi nimefurahi kusikia amepona.

Sasa hilo la moshi. Nimelisoma swali lako, nikaiweka barua mezani, nikaenda kunawa mikono. Kaka, nimeona kinyaa, sikufichi. Kazi yangu ni kufukua migomba kutafuta wadudu wanaoiua. Tangu nianze sijawahi kushika kitu kinachofuka moshi, labda chai.

Mwezi uliopita tulifika kijiji kimoja. Nikashuka garini na buti zangu na jembe langu. Wenyeji wakanipita kama nguzo, wakaenda kumshika mkono dereva wetu, mzee Jackson, kwa sababu ana mvi na miwani ya kusomea gazeti. "Shikamoo Profesa, karibu sana!" Na Jackson, asivyo na haya, akaitikia marahaba! Akaonyeshwa shamba zima. Mimi nikaambiwa maji ya kunawa yako nyuma ya nyumba. Kijiji kingine nilivaa koti jeupe, akina mama wakafungia watoto ndani, eti tumekuja kuwanyonya damu. Nikalivua, na sijalivaa tena.

Huyo mtu wa Mwalimu Medard, nani kati yenu amewahi kumwona? Hakuna. Yumo kwenye majalada ya vitabu, kwenye katuni, kwenye maigizo ya mahafali, ambako anayeigiza mwanasayansi hupewa miwani ya babu yake na kuambiwa acheke kichaa. Mtoto anakua naye. Akija kumwona wa kweli, hamtambui. Na sasa wewe, kaka yangu wa tumbo moja, unampaka rangi.

Mdogo wako,
Tulinagwe


Ibighi
22 Julai 2024

Mdogo wangu,

Natumaini hasira imeshuka na chakula kinapita kooni. Huku tuko salama, ila mimi nimepungukiwa raha, na wewe ndiye chanzo.

Baada ya kusoma barua yako nilimwita Hellen. "Nichoree mwanasayansi." Hakufikiri hata kidogo. Upara, miwani, na pembeni fuvu la mtu.

"Huyu ana mke?"

"Nani atamtaka, baba! Ananuka dawa."

"Na shangazi yako?"

"Shangazi yupi?"

"Tulinagwe!"

"Aa, shangazi si yuko kilimo?"

Nikacheka, maana ndivyo nilivyoumbwa. Kisha akaniambia jambo lililonikatisha kicheko. Kabla shule haijafungwa wanachagua masomo ya kidato cha tatu, na yeye atachagua sanaa. Hellen! Anayewaongoza wote kwenye kemia na biolojia! "Nikasomee wazimu, baba? Wenzangu wataniita Profesa Kipara." Tulinagwe, mtoto anaacha kitu anachokiweza kwa sababu ya mtu asiyekuwepo. Niliutazama ule ukuta kesho yake, nikafunika makopo ya rangi.

Kwa hiyo namfuta. Nitumie picha yako ukiwa kazini. Usijipambe.

Kaka yako,
Nsajigwa


Morogoro
2 Agosti 2024

Shikamoo kaka,

Afya ipo, kazi ipo. Picha ni hiyo, kaipiga Erasto: buti, kanga kichwani, panga mkononi, matope hadi magotini.

Ila umemfikiria baba mkwe? Mzee Anyelwisye akipeleka majani ya chai kwenye mzani hupita mbele ya ukuta huo huo. Tangu niolewe hatujawahi kutazamana uso kwa uso, kama mila inavyotaka. Nikienda kwao napitia nyuma. Akija sebuleni anakohoa kwanza ili nijiondoe. Wengine wameshaacha mambo hayo, yeye hajaacha, nami namheshimu hivyo hivyo. Leo unataka kunisimamisha barabarani, mkubwa kama mlango!

Lakini kama ni kwa ajili ya Hellen, chora.

Mdogo wako,
Tulinagwe


Ibighi
25 Agosti 2024

Mdogo wangu,

Umeamkaje? Umesimama vizuri huku, hujambo kabisa. Pua nimeikosea kidogo, imekuwa ya marehemu mama, lakini macho ni yako, yale ya kumtazama mtu aliyekosea.

Akina mama wa sokoni wamekujua mara moja. "Huyu si Tulinagwe? Mbona hawakumpa viatu vya maana?" Hellen siku ya kwanza alipita haraka, kama mtu anayedaiwa. Siku ya pili wenzake walimwuliza kama kweli ni shangazi yake. Akasema ndiyo. Siku ya tatu nilimwona amesimama pale, anaeleza kitu huku akionyesha buti zako. Upara sijausikia tena nyumbani.

Baba mkwe wako sasa. Alikuja na kapu lake la majani, kichwa chini kama kawaida. Akainua macho. Akasimama. Akashusha kofia hadi puani, akageuka, akateremka kwa njia ya kijitoni, kwenye matope yote yale! Tangu siku hiyo anapita huko huko. Watu wamecheka, nami nimecheka, Mungu anisamehe.

Asiyecheka ni Mwalimu Medard.

"Fundi, hii nini? Nilikuomba mwanasayansi, umenichorea mama anatoka shamba."

"Ndiye mwenyewe, Mkuu. Ana shahada tatu."

"Zinaonekana wapi? Mvalishe koti. Mpe miwani. Na hayo matope futa, Oktoba mgeni rasmi anakuja kuzindua."

"Macho yake mazima, Mkuu, havai miwani."

"Mwanasayansi hana miwani!" Akanitazama kama mtu aliyekuta mende kwenye ugali.

Sijafuta kitu.

Kaka yako,
Nsajigwa


Ibighi
16 Septemba 2024

Tulinagwe,

Salamu zitakuwa fupi, tu wazima.

Wamekufuta. Jumamosi nilikuwa Kiwira naandika bango la gereji, niliporudi nikakuta ukuta mweupe, na fundi mwingine, sijui wamemtoa wapi, anamrudisha yule kipara. Moshi wameuweka kijani, kama ulikuwa bado unataka kujua.

Nikamwendea Mkuu. Akanikaribisha kiti, akatabasamu. "Fundi, tumefanya hivi kwa kuheshimu mila zenu. Mzee wa watu anateseka matopeni kwa ajili ya picha." Mila zetu! Tangu ahamishiwe hapa kila mila yetu ni ushamba. Ilipomfaa, akaivaa kama tai. Mimi ni mtu wa mzaha, unanijua, natafuta neno la kuchekesha hata msibani. Siku ile nililitafuta nikalikosa.

Nikaenda kwa Mzee Anyelwisye, nimwombe radhi au nigombane naye, sikujua lipi. Nikamkuta anachagua maharage.

"Nani kasema nimelalamika?" akaniuliza.

"Mkuu wa shule anasema magoti yako yanaumia kule chini."

"Yanauma, ndiyo. Hata kanisani yanauma. Kwani kanisa limebomolewa?"

"Sasa kwa nini ulikuwa unazunguka, mzee?"

"Wewe Mnyakyusa gani? Mkamwana wangu alikuwa amesimama pale, nipite vipi? Sasa hivi pana nani? Yule kipara? Huyo napita hata na chepeo nimevua." Akatema mate pembeni. Kisha akanivuta shati. "Na huyo binti, ni kweli kazi yake ni wadudu? Mtu akae shule miaka yote ile, halafu wadudu?"

"Ni kweli, mzee."

"Kinyaa kitupu," akasema, akarudi kwenye maharage yake.

Nimwambie nini Hellen? Alipita kwenye ukuta, akaja nyumbani, akaniambia, "Si nilikuambia, baba, mwanasayansi ni yule." Hilo tu. Uchaguzi wao ni mwisho wa mwezi ujao.

Kaka yako,
Nsajigwa


Morogoro
24 Septemba 2024

Shikamoo kaka,

Sina mengi. Nimekunja barua yako na kuikunjua siku kadhaa. Ukuta wamechukua, basi. Wasinichukulie na mtoto.

Nimeomba likizo. Siku ya uzinduzi nitakuwepo, kwa miguu yangu. Usimwambie Mkuu. Mwambie wifi tu, anitengee chumba.

Mdogo wako,
Tulinagwe


Ibighi
28 Oktoba 2024

Mdogo wangu,

Pole na safari. Umeondoka alfajiri bila hata kunywa chai, hatukupata nafasi ya kukaa. Wewe uliyaona mambo kwa upande wa jikoni, acha nikupe ya upande wa viti.

Baba mkwe wako alisikia kwamba unakuja. Nani kamwambia sijui, labda mke wangu, ana mdomo kuliko redio. Akafika kabla ya watu wote, akakaa langoni na fimbo yake, katikati kabisa, ili ujue alipo usije ukamgonga ghafla. Ustaarabu mtupu! Ndiyo maana ukalazimika kuzunguka nyuma na kuingilia jikoni, na ndiyo maana sisi wa kwenye viti tulikuona ukitokea kwenye masufuria, kanga kiunoni.

Mgeni rasmi alikuwa amemaliza kusema watoto wa kike wapende sayansi. Tukapiga makofi. Akaketi, akakuona, akakupa chupa yake tupu ya soda. "Mama, niletee na maji." Na wewe ukaipokea! Nikainuka. Mama Hellen akanivuta shati, yeye na Mzee Anyelwisye wamenimaliza mashati. Nilimtazama Mkuu, nikajua kuwa amekutambua, maana aliangalia mabati ya maabara moja moja kama anayakagua. Juu ya kichwa chake yule kipara anacheka na moshi wake wa kijani. Tulinagwe, nilichukia hadi pilau ikanishinda, nawe unajua mimi na pilau tumetoka mbali.

Nilidhani utarudi na maji umwagie mtu. Hukurudi. Hellen ndiye aliyenieleza baadaye kwamba uliwakuta wao wasichana wanamenya ndizi nyuma ya jiko, ukauona mgomba umeanguka wenyewe, ukaomba panga, ukakipasua kitako chake pale pale mbele yao. Kumeoza, kumetobolewa, na funza weupe wanafurukuta. Mmoja katapika kwenye maganda. Hellen mwenyewe kakimbia hadi uwanjani. Aliniambia hivyo akiwa bado ameshika tumbo, na chakula cha jioni hakugusa. Nikajisemea, basi, mdogo wangu amekuja kutoka Morogoro kuizika sayansi kwa mikono yake. Hata asubuhi ulipopanda basi sikuwa na uso wa kukuambia.

Ijumaa walichagua. Sikumwuliza. Niliogopa jibu, nikaenda zangu kupaka rangi geti la mtu.

Jumapili Mama Hellen anaandaa chai kabla ya ibada. Akachukua kopo la sukari, akafungua. Ukelele alioupiga ulimtoa jirani na mswaki mdomoni. Ndani hakuna sukari. Kuna vipande vya mgomba, na wadudu weusi wenye pua ndefu, wametulia kimya.

"Hellen! Njoo utoe uchafu huu!"

Hellen akaja mbio, kanga imemshika miguu. "Mama, usimwage! Nimewatega mwenyewe, chini ya vipande vya mgomba. Ni wazazi wa wale funza."

"Na sukari yangu?"

"Iko kwenye bakuli, nimeifunika."

"Ndiyo sayansi yenyewe hii uliyoichagua? Ya kunitapisha Jumapili?"

"Ndiyo hii, mama."

Nimesimama mlangoni na kiatu kimoja, cha pili nimekishika.

"Basi tupa, wamekufa hao."

"Hawajafa. Ukiwagusa wanajifanya wamekufa. Ngoja uone."

Mke wangu akafunika pua na kitambaa cha kichwani. Alikuwa ameshachelewa kwaya. Akainama juu ya kopo, nami nikainama, jirani naye na povu lake la mswaki. Tukangoja. Kisha mmoja wao, katikati, akatoa mguu.

Kaka yako,
Nsajigwa