Bomba la Miguu ya Melkiori

Jumatatu, 2 Juni 2025
Fundi Deo kaja na vipande viwili vya bomba. Kimoja cha bomba la maji, la kupaka rangi, kingine cha stenlesi, kisichoshika kutu. Nikachagua stenlesi kabla hajamaliza kueleza. Ndilo mume wangu Melkiori alilonionyesha kwenye baa moja Singida mjini, akasema: mke wangu, na sisi tuweke la kukanyagia pale kaunta ya baa yetu, miguu yangu inaning'inia. Miaka mitatu aliomba. Mimi nikasema kwanza vigae, kwanza friji. Novemba akateleza kwenye stuli ndefu, kichwa kikapiga sakafu. Tukamzika. Sasa ndiyo naliweka.

Jumatano, 4 Juni
Deo hapimi kwa kukisia. Anataka mteja akae, miguu itulie, ndipo apige chaki. Asubuhi mteja hakuna. Nikamwonyesha alama mbili nyeusi kwenye mbao ya kaunta, mwisho wa kushoto — visigino vya Melkiori, miaka yote ile vikigonga. Nimezipaka rangi mara mbili, zimerudi. Deo akauliza kama nina hakika. Nikasema piga chaki hapo hapo.

Ijumaa, 6 Juni
Limefungwa. Linang'aa mpaka naona uso wangu. Jioni madereva wa malori wakaanza: liko juu mno, magoti yanagonga kaunta. Simoni, mrefu kama nguzo ya umeme, kauliza kama siku hizi nauzia watoto wa chekechea. Wakacheka. Halafu akakumbuka Melkiori alivyokuwa mfupi. Kahamishia stuli yake kulia.

Jumapili, 8 Juni
Nimetoka kanisani, nimekuta vumbi la viatu juu ya bomba, upande wa kushoto. Nyayo mbili. Flora, mhudumu wangu, anaapa alilifuta jana wakati wa kufunga, na stuli ya pale huwa tunaipindua juu ya kaunta. Nimelifuta mwenyewe. Naogopa. Na tena — aibu kuandika — nimefurahi.

Jumatatu, 9 Juni
Tena.

Jumanne, 10 Juni
Tena. Flora hataki kugusa upande ule. Nikamkaripia, ndipo akasema polepole: mama, kila asubuhi nikifika nakukuta umekaa pale. Nakuamkia shikamoo, huitikii.
Lini? Asubuhi mimi huwa stoo, napanga kreti. Nimemwambia asirudie maneno hayo.

Alhamisi, 12 Juni
Simoni na wenzake wamehamia baa ya ng'ambo ya barabara. Bila madereva nitafunga, hilo halina mjadala. Mimi mwenyewe nimempigia Deo, aje alishushe. Kaja. Grenda ya kukatia chuma ameshaichomeka. Mimi naandika hapa kaunta, nisimtazame.

Anasema mama, shuka basi nianze.

Nishuke wapi? Nimetazama chini. Niko kwenye stuli ya Melkiori. Viatu vyangu, vumbi tupu, vimetulia juu ya bomba sawasawa, kama niliyepimwa ni mimi. Mgongo hauumi. Kumbe ndiyo raha aliyokuwa anaiomba, kitu kidogo hivi, na mimi nikamnyima.

Grenda imenguruma, imezimwa. Flora kasimama mlangoni na ufagio. Deo anasema kwa upole, mara ya tatu sasa: mama, toa miguu.

Nimemwambia subiri, namalizia kuandika. Kalamu naisogeza tu. Miguu bado iko juu ya bomba; naiambia ishuke, haishuki.