Miwani ya Kuzamia na Kikombe cha Usipa

Songea, Jumapili mchana

Mama,

Shikamoo. Nisamehe nimechelewa kukuandikia. Barua yako ya mwisho niliipata ukiwa hai, nikaiweka ndani ya kitabu cha nyimbo za kanisa, ikakaa humo miezi minane bila jibu. Kisha ukafa. Tangu tukuzike imepita miezi mingine kumi na mmoja. Nikikuambia ni kazi za watoto zilizonizuia utaguna tu, maana wewe ulinilea peke yako huku unasimama dukani kutwa, na barua za ndugu zako ulizijibu. Si kazi, mama. Ni aibu.

Habari za huku kwanza. Neema anatembea, anakimbia, na kila bibi anayemwona njiani anamwita bibi wa samaki. Amepata mdogo wake wa kiume, hukumwona. Ana miezi minne na usingizi hataki. Naandika nimempakata, ukiona mwandiko umepinda ujue ni teke lake. Baba Neema bado anafundisha shule ile ile. Jengo la duka lenu la ushirika limekodishwa. Aliyelichukua anauza redio na baiskeli, na pale ulipokuwa unasimama kupimia watu sukari pana kabati la kioo lenye saa za mkononi. Sabuni siku hizi ipo kila duka, ya kila rangi. Foleni hakuna. Nikipita pale siangalii ndani.

Duka lilipofungwa nilidhani utakuja kukaa na mimi, ushike rozari yako, umbembeleze mjukuu. Ukasema unarudi kwenu ziwani, Mbamba Bay, umepata kazi ya kuwapikia vijana wanaokamata mbuna, wale samaki wadogo wa rangi wanaosafirishwa Ulaya kufugwa sebuleni. Nikaona sawa. Wenzangu wa jumuiya ya kanisa nikawaambia mama yuko ziwani, ni mpishi wa kambi, wakasema amebahatika kupata kazi.

Halafu ukaja kututembelea kipindi kile cha baridi, na mfuko wako wa usipa, wale dagaa wa kwenu ziwani, na kikombe cha kupimia. Neema alikuwa bado wa mgongoni. Ukakaa jikoni kwangu unachambua mboga za likolo, ukaniambia, kama mtu anayesema amebadili njia ya kisimani, kwamba siku hizi unazamia. Na mtungi wa hewa mgongoni. Una miaka hamsini na mitatu, mama.

Nilikuuliza kama unaumwa. Ukacheka. Ukasema mzamiaji mmoja aliugua, nawe tangu usichana ulikuwa unazama kunasua nyavu za babu kwenye mawe, basi ukamwomba mkuu wa kambi akujaribu. Wiki tatu alikufundisha kwenye maji ya kiunoni, akidhani utachoka. Hukuchoka wewe. Vijana wale wanawakurupusha mbuna, ulisema, wanaingia kama watu wanaofukuza kuku. Wewe ulikaa kimya chini mpaka samaki wakakusahau.

Ukanieleza vifaa vyako kimoja kimoja, nami nikawa nasonga ugali kwa nguvu nisisikie, lakini nilisikia vyote. Mkanda wenye vipande vya madini ya risasi vya kukuzamisha: ukizidisha unaanguka kama jiwe, ukipunguza unaelea kama kibuyu, kila mtu ana idadi yake, na unaijua ukivuta pumzi ukasimama majini na maji yakakufika machoni. Mapezi ya kuvaa miguuni yasibane vidole, la sivyo miguu inakakamaa huko chini. Suti ya mpira, ukasema, inabana mno, kwa hiyo unajifunga khanga yako ya kijani juu yake mpaka ukingo wa maji, ndipo unamkabidhi kijana mmoja akushikie. Hapo nilitamani ardhi inimeze. Nilikuona kichwani mwangu, mama yangu mzazi ndani ya mpira, mbele ya vijana.

Ulichokosa ni miwani ya kuzamia ya kwako. Ya kambi ilikuwa ya uso mpana wa mwanamume, inavujisha maji pembeni. Ulisikia kwamba mabelo ya mitumba siku hizi yanaleta kila kitu, ukataka twende sokoni.

Unakumbuka ilikuwa chini kabisa, kwenye rundo la makoti ya mvua na mabuti ya watoto. Nyeusi, ya mpira laini. Mwuzaji hata hakujua ni kitu gani, alidhani ni ya wachomea vyuma. Ukasema miwani ya maji haichaguliwi kwa macho, inachaguliwa kwa pumzi. Ukaiweka usoni bila kuvuta mkanda wake nyuma ya kichwa, ukavuta hewa kwa pua, ukaachia mikono. Ikaning'inia usoni pako haina kitu kinachoishika. Ukanyoosha mikono yote miwili kama padri, ukageuka huku na huku uone kama itaanguka.

Watu wakajaa. Mmoja akasema bibi amekuja kutupulizia dawa ya mbu. Mwingine akamwambia mwuzaji amtafutie bibi na propela. Wewe ulikuwa unacheka ndani ya miwani, nayo haikuanguka.

Na mimi nikarudi nyuma. Hatua mbili, tatu, mpaka kwenye meza ya sufuria. Hapo akatokea Mama Deo, mke wa mwalimu mkuu, yule aliyekuwa mwenyekiti wa akina mama wa jumuiya yetu. Mimi nilikuwa mgeni kwao, wameanza tu kunikaribisha. Akaniuliza, "Mama Neema, yule bibi uliyefuatana naye ni nani wako?"

Nikamjibu, "Si wangu. Ananiletea usipa kutoka ziwani, mimi ni mteja wake."

Mama, miwani ile inaziba macho na pua. Masikio inayaacha wazi.

Uliivua taratibu, ukairudisha kwenye makoti ya mvua. Ukaja pale tulipo na mfuko wako. Nilijua utanichapa kwa maneno mbele ya watu, na ningestahili. Badala yake ukanikunjia goti kidogo, wewe kwangu, ukatoa kikombe cha bati, ukasema, "Mteja wangu, leo nikupimie vikombe vingapi?"

Nikasema viwili. Ukanipimia viwili, ukaongeza ngumi moja ya nyongeza kama anavyofanyiwa mnunuzi mzuri. Nikakulipa. Ulipokea kwa mikono miwili. Mama Deo naye akanunua kimoja, akakusifu kwamba usipa wako hauna mchanga.

Tulirudi nyumbani wewe ukiwa mbele. Ulimwogesha Neema, ukamwimbia Kinyasa, ukala, ukasali. Hukusema lolote. Asubuhi ukapanda lori. Na hapa nitasema ukweli wangu, unisamehe: nawe ulinikosea. Ungenigombeza pale jikoni, ningelia, ningeomba radhi, tungemaliza. Kunyamaza kwako kulinifungia mlango. Uliponiandikia, uliweka na orodha ya vifaa nikutafutie, miwani ile kama bado ipo, mapezi namba tano maana ya kuazima yanakubana vidole, soksi za mpira, ukamalizia salamu kwa wote kana kwamba hakuna kilichotokea. Nilisoma mara nyingi nikitafuta neno moja la hasira nilishike. Halikuwepo. Basi nikashindwa kujibu. Na miwani sikwenda kuitafuta, kwa sababu ningepita kwenye ile meza ya sufuria.

Kisha ikaja habari ya homa. Siku nne tu, malaria ikakupanda kichwani. Nilifika umeshalazwa chini, umefunikwa. Watu wengine walinong'ona ni yale maji, mwanamke mzima anazama kama kiboko. Nikawaambia ni malaria, na niliwaambia kwa ukali.

Wale vijana wa kambi walikuja wote msibani, wamevaa mashati safi. Walikuwa wanakuita Mama Kina. Mmoja, mwembamba, akaniambia ndiye aliyekuwa anashika khanga yako. Akasema miwani ya kambi ilikuwa inakujaa maji mpaka puani, nawe hukupanda juu. Unainua uso, unabonyeza ukingo wa juu kwa vidole, unapuliza kwa pua, maji yote yanatokea chini, unaendelea na kazi. Mara kumi, mara ishirini kwa mzamo mmoja. Akasema uliwaambia miwani ya uso wako iko Songea, mwanao ataileta.

Siku ya kugawa vitu vyako mama mdogo alikuwa amekaa juu ya kisanduku chako. Mtoto wako aliyebaki ni mimi peke yangu, nikajua atanikabidhi. Akanitazama, akasema mbele ya wote, "Vitu vya marehemu anapewa mwana. Mteja hapewi."

Hakuna aliyeelewa isipokuwa mimi na yeye. Kumbe ulimwambia. Nafurahi ulimwambia mtu, mama, naona ulikuwa mzigo kukaa nao. Niliinuka nikatoka mikono mitupu, na nikasema moyoni ana haki.

Niliporudi mjini Mama Deo alikuja na akina mama wenzake kunipa pole. Wengine walipoondoka akabaki. Nikaanza kumweleza habari ya sokoni. Akanishika goti, akasema alijua siku ile ile, tunafanana kuanzia paji la uso mpaka kidevu, kipofu tu ndiye asingeona. Alinyamaza asiniaibishe. Kwa hiyo nilikukana bure. Hata uongo wenyewe haukumdanganya mtu.

Mwezi wa pili baada ya kukuzika nilimfunga Neema mgongoni nikaenda sokoni. Tumbo la huyu mdogo lilikuwa limeanza kuonekana. Mwuzaji alinikumbuka, au alikukumbuka wewe. Miwani alikuwa ameitundika msumarini, hakuna aliyeitaka mwaka mzima. Akaniambia nijaribu, kama bibi alivyofanya.

Nikaiweka usoni. Mkanda nikauacha. Nikavuta hewa kwa pua, nikaachia mikono.

Ilishika, mama. Haikuvuja hewa hata pembeni. Miwani uliyoichagua kwa uso wako ilikaa kwangu kama imepimwa.

Nikaanza kulia humo ndani, na machozi hayakuwa na pa kutokea, yakajikusanya chini ya macho. Watu wakaanza kujaa kama siku ile, utani ukaanza. Nikainua uso, nikabonyeza ukingo wa juu, nikapuliza kwa pua. Yakatoka. Mwuzaji akaniuliza ni ya kazi gani hasa kitu hiki. Nikamwambia kwa sauti, pale pale karibu na meza ya sufuria, ni ya mama yangu, alikuwa mzamiaji. Mmoja akasema, "Pole, mama." Lakini wale ni watu wa sokoni, mama, hawakujui. Kusema kwao hakunigharimu kitu.

Mwezi ujao ni misa yako ya mwaka. Naahidi nitakuja na watoto wote wawili. Baada ya misa nitasimama mbele ya ndugu, mbele ya mama mdogo na vijana wa kambi, na nitasema nilichomjibu Mama Deo, neno kwa neno, na jinsi nilivyopokea vile vikombe viwili mkononi mwako, nikakulipa. Mama mdogo akinifukuza tena nitaondoka. Lakini kwanza nitaingia majini na miwani yako. Sitazama, nina mtoto ananyonya. Nitafika kifuani tu, niweke uso chini, niwaone hao mbuna waliokusahau.

Lala salama, mama. Usinijibu kwa kunyamaza tena, hata ndotoni. Unigombeze.

Ni mimi mwanao, Skolastika.

Miwani ninayo. Vilivyobaki vyote viko kwenye kisanduku chako, na mimi kumwomba mama mdogo naona haya. Mlainishe wewe. Ninavyohitaji ni hivi:

Mapezi, yale ya kuazima uliyoniandikia yanakubana vidole, vijana wa kambi wamekuachia. Nataka hayo hayo.

Khanga ya kijani.

Rozari yako, hata kama imekatika.

Na kile kikombe cha bati ulichonipimia usipa. Hicho usikisahau.