Vikaratasi Ndani ya Kofia ya Nyundo

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na ule mgongo umeacha kukusumbua. Wifi hajambo? Wanangu wameshapona mafua? Sisi huku wazima, tena tuna raha, na sababu tunayo.

Kaka, Jumamosi tumejaza ukumbi! Ule ule mkubwa, uliotufungia mlango eti muziki wetu wa metali, ile roki nzito, ni kelele za mabati. Viti vyote vilikaliwa, watu wakasimama mpaka kwenye ngazi. Mbele magitaa na kinanda, kando fidla nne, nyuma kwaya ya watu ishirini, na Nyundo kwenye dramu, jasho linamtiririka kama anayezima moto.

Bendi uliyoianzisha kwenye gereji ya Nyundo, tukiwa wanne tu, imepitiwa na watu wengi, wewe! Mwalimu wa hesabu, yule wa kinanda, aliolewa akahama; akaja mfamasia, ana vidole vyepesi huyo! Tulipoongeza gitaa la besi, mpigaji wa kwanza alitushinda kwa ubishi, na wa pili alidumu wiki mbili, akaaga akisema masikio yake bado anayahitaji. Nafasi yako ya gitaa wameishika watano. Wote walijikwaa kwenye mwanzo wa wimbo wako wa milima, mpaka alipokuja binti mmoja fundi cherehani. Wimbo huo ndio tuliofungulia onyesho. Ukumbi mzima ulisimama. Niliimba huku nalia, na sauti haikunitupa.

Sasa kaa vizuri. Unaikumbuka sheria yetu: mtu haingii wala hatolewi bila kura, vikaratasi ndani ya kofia ya Nyundo. Ulipokataa katakata fidla na kwaya, ukasema tutageuka bendi ya harusi, sisi watatu tulipiga kura juu yako. Mbili zilisema utoke. Mwalimu alikiri ya kwake palepale. Ya pili ukamtwisha Nyundo, ukamwita nyoka, na huu mwaka wa tisa humsemeshi. Hata bintiye alipoolewa hukwenda.

Kaka, ile kura ilikuwa yangu.

Nyundo alijua siku ileile, maana ya kwake ilisema ubaki. Alinivuta pembeni akaniambia ninyamaze, kwamba rafiki utapata mwingine, ndugu wa tumbo moja humpati, basi heri achukiwe yeye. Nami, mwoga mkubwa, nikakubali. Kuhusu fidla sijuti hata kidogo. Kuhusu Nyundo naona aibu mpaka nashindwa kumtazama. Jumamosi, watu wakimpongeza, aliniuliza kama wewe ungeupenda wimbo wako tulivyoupiga.

Nikasirikie mimi, tena ukipenda nifokee, nimestahili. Lakini yeye mpigie simu. Namba yake ni ileile; amekataa kuibadilisha miaka yote, na mimi najua anasubiri nani.

Msalimie sana wifi, na watoto waambie shangazi yao anawapenda.

Ni mimi mdogo wako,
mwimbaji, bado sauti imekauka.