DNA ya Nani

Huruma, Nairobi
Jumanne

Kwako dada yangu Kavindu,

Pokea salamu zangu nyingi. Mama anaendeleaje na magoti yake? Yule ng'ombe amezaa? Mimi nipo, ila ngazi za hapa hadi ghorofa ya tano siku hizi nazipanda kwa kupumzika. Nakuandikia kama mtu wa zamani kwa kuwa hupokei simu zangu tangu Pasaka, nami sikulaumu. Barua ataileta Mativo, tunayechonga naye vinyago Pumwani. Hajui kilichomo.

Najua kilichokuudhi. Umeambiwa nilimpima mwanangu DNA kana kwamba si wangu, ndipo mke wangu Koki akambeba wakarudi kwa baba yake huko Wamunyu. Na mtoto mwenyewe ni Kimeu, jina la marehemu baba yetu, na wewe hujawahi kumwita ila "baba". Hapa mtaani nako hakukaliki. Vijana wa pale chini wananisalimu, "Niaje, mzae wa DNA?" Nacheka nao. Nifanyeje?

Dada, sikumpima mtoto. Aliyepimwa ni mimi.

Unaukumbuka uvimbe wa paja niliodhani umeletwa na kubana magogo? Niliwaambia nyote ni jipu, limetumbuliwa. Halikuwa jipu. Ilikuwa saratani, ya aina adimu kiasi kwamba Daktari Magan anayenitibu ameshawaona wagonjwa watatu tu wa namna yangu. Aliukata mwezi wa kwanza. Kisha akasema kuna kipimo cha damu: saratani ikiwa bado imejificha mwilini, hudondosha vipande vya DNA yake ndani ya damu, hata kabla picha hazijaona kitu. Nikamwambia nimeelewa, ni maranda hayo. Ukikuta maranda mapya mlangoni, unajua fundi yumo ndani anachonga, hata kama humwoni. Alicheka, akasema sasa atawaeleza wagonjwa wote hivyo.

Damu ikapelekwa ng'ambo. Siku watu wa maabara walipopiga simu nilikuwa naoga, Koki akapokea. Wakamwambia sampuli ya DNA aliyotuma Kivuva imefika salama. Wewe unajua, DNA kwetu ina kazi moja tu. Nilipotoka bafuni nilimkuta amesimama na simu mkononi, akaniuliza ni DNA ya nani.

Hapo ndipo penye kosa langu, na sijamwambia mtu. Ningeweza kusema ni yangu. Lakini alipomzika mama yake, baada ya miaka miwili ya kumgeuza kitandani, Koki aliniambia hana tena nguvu ya kuuguza mtu. Niliyakumbuka maneno hayo. Nikamjibu ni ya mtoto. Nilisema kwa mdomo wangu, dada. Niliona heri aniite mume mbaya kuliko anitazame alivyokuwa akimtazama mama yake. Nilidhani majibu yakitoka mazuri nitamwangukia, yaishe. Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nimeumbuka nikiwa hai.

Majibu yalitoka jana. Maranda yapo. Daktari anasema tumeyawahi, nisijizike, lakini dawa zinaanza wiki ijayo na anataka niwe na mtu wa kukaa nami nyumbani. Jana hiyo hiyo baba yake Koki akanipigia: Jumamosi nifike kwake na mbuzi, pamoja na majibu ya DNA, yasomwe mbele ya wazee. Nimenaswa. Nisipokwenda, nimemkana mwanangu. Nikienda, karatasi niliyo nayo ni hii moja tu, na jina la mtoto halimo.

Naogopa, dada. Naomba twende pamoja. Wazee wakiitisha majibu, mwite Koki kando umsomee yeye kwanza, maana mimi sitaweza. Akiamua kubaki kwao, mtu asimlazimishe. Ila mwambie kwamba siku ile alipouliza ni DNA ya nani, ilikuwa yangu. Na mtoto ni wangu pia.

Nisalimie Mama, lakini haya usimwambie bado. Na Jumamosi tukifika, umnyanyue Kimeu, "baba" yetu huyo, kwa niaba yangu. Paja hili haliniruhusu.

Ni mimi mdogo wako,
Kivuva