Pikapu ya Baba Imeanza Kupata Joto

Jumamosi, mwezi wa saba. Area D, hapa mjini. Upepo tangu alfajiri, baridi ile kavu inayopasua midomo, na vumbi limeingia hadi kwenye sufuria zilizofunikwa.

Nimerudi kutoka Bahi muda si mrefu na bado nina mchanga masikioni. Sijaoga. Nimekaa jikoni karibu na jiko la mkaa, kompyuta mapajani, naandika kabla usingizi haujanichukua.

Nimechoka. Naanza na hilo, lisije likajificha katikati ya habari za gari.

Kwa anayesoma hapa kwa mara ya kwanza: baba yangu ni mzee, mkulima na mfugaji, anaishi kijijini, mbele kidogo ya Bahi. Mama hatunaye tena. Macho ya baba yamekwisha nguvu, anaona kivuli cha mtu na mwanga wa mchana, basi. Kisima cha pale maji yake ni ya chumvi, yanafaa kufulia na kunywesha mifugo, kwa hiyo kila Jumamosi nampelekea maji ya kunywa, pumba, dawa ya macho na lolote aliloagiza kwa simu ya jirani. Nayapeleka kwa pikapu yake mwenyewe, aliyoinunua zamani kubebea mpunga. Alinikabidhi funguo siku alipomgonga mbuzi wake uani akidhani ni ndoo.

Pikapu hiyo inakunywa dizeli bila haya. Natoka mjini tangi limejaa hadi shingoni, narudi mshale umelala kwenye wekundu. Kaka yangu Yohana, aliyeko Dar, ndiye anayenichangia mafuta, na mwezi wa tano uvumilivu ulimwishia. Akatuma kwenye kundi la familia ujumbe wa sauti mrefu, wa mtu aliyefikiri njiani: gari liuzwe, baba ahamie kwangu, ng'ombe wagawiwe ndugu. Tukavutana. Mwisho tukakubaliana kwamba nikiweza kulipunguzia ulaji kabla mwezi wa saba haujaisha, baba anabaki kwake. Nikishindwa linauzwa, naye anakuja mjini.

Baba alishawahi kukaa hapa, wakati wa matibabu ya macho. Kila asubuhi alitoka barazani akaniuliza Bahi iko upande gani, nami nikaushika mkono wake nikaunyoosha kuelekea huko. Kisha akageuza kiti, akakaa ameelekea upande huo mpaka chakula cha mchana. Sikutaka kuyaona yale tena.

Lakini zipo Jumamosi nimeingiza ufunguo nikiomba lisiwake.

Hilo sijamwambia mtu.

Mwezi wa sita wote nilikuwa mtumwa wa video za mafundi mtandaoni. Nilianza na mepesi. Matairi: tumezoea kuyapunguza upepo ili gari lisizame kwenye mchanga wa njia ya kijijini, kisha tunasahau, tunarudi nayo hivyo hivyo lami nzima, yamelegea. Nikaanza kusimama Bahi kuyajaza. Keria ya chuma iliyokuwa juu ya kichwa cha gari, ambayo haijabeba kitu tangu baba aache mpunga, nikaifungua nikaiweka nyuma ya nyumba. Kuku wamehamia humo. Chujio la hewa nilipoligonga chini lilitoa vumbi la kutosha kukandika ukuta. Halafu siku moja nilipopita Zuzu nikanusa kitu kinaungua, nikashuka nikagusa gurudumu moja la nyuma, nikaunguza kidole. Breki ilikuwa imeshikilia, na mimi nilikuwa nalikokota gari huku nimelifunga.

Kila kimoja kilisaidia kidogo. Nilimtumia Yohana picha ya mshale wa mafuta, akajibu kwa neno moja: "Bado."

Kilichogeuza mambo ni aibu. Ofisi yetu iko Mtumba, na wiki mbili zilizopita basi la watumishi liliniacha. Mwenzangu wa ofisini, Kessy, akanipa lifti kwenye kigari chake. Kwa mazoea yangu ya siku hizi macho yalikwenda moja kwa moja kwenye dashibodi, nikaona mshale wa joto umesimama katikati.

"Kessy, simama! Gari linachemka."

Akafunga breki, akatafuta moshi mbele, akatafuta nyuma. "Wapi?"

Nikamwonyesha mshale. Alicheka mpaka akafuta machozi.

"Dada, hapo ndipo panapotakiwa kukaa. Wa kwako unakaa wapi?"

Nikamwambia wa kwangu unakaa chini kabisa, haunyanyuki, hata niende Bahi na kurudi. Nililisema kwa majivuno, maana nimekua nikisikia majivuno hayo. Kessy akaacha kucheka.

"Basi injini yako haijawahi kuamka," akasema.

Inabidi nieleze majivuno yenyewe. Zamani, sisi bado watoto, gari lilimchemkia baba kwenye mlima wa kupandia Manyoni, limejaa mpunga. Fundi wa njiani akafungua injini, akatoa kidude kinaitwa themostati, akakitupa kwenye majani. Akamwambia baba kwamba huku kwetu ni joto, kidude hicho ni cha Ulaya. Tangu siku hiyo halikuchemka tena, na baba akawa anawaita watu waje wautazame mshale ulivyolala chini. "Gari yangu haijui homa," alikuwa akisema, na wazee wenzake wanatikisa vichwa kwa heshima. Pale kijijini kila mwenye gari alikwenda kutolewa chake.

Jioni ya siku ile ya lifti nilisoma hadi macho yakauma. Kumbe kazi ya kidude hicho ni kuyazuia maji ya rejeta yasizunguke mpaka injini ipate joto lake. Ukikitoa, maji yanazunguka muda wote na injini inabaki baridi, na injini baridi inachoma mafuta vibaya. Ndiyo maana asubuhi ilikuwa inatoa moshi mweupe mpaka majirani wafunge madirisha. Ndiyo maana hita haikuwahi kupuliza joto. Mimi nilidhani imewekwa kama pambo.

Nikaenda kwa Samweli, fundi wangu wa barabara ya Zuzu. Nilimwomba arudishe themostati. Akaniangalia kama nimeomba aweke mkia.

"Dada, huku tunazitoa. Ya kwenye gari ya mchungaji nimetoa mimi, ya mwenyekiti nimetoa mimi. Nikikurudishia ikichemka, usinipigie simu."

Tulibishana mpaka chai yake ikapoa. Mwisho akakubali, kwa sharti kwamba tuisafishe rejeta kwanza, na hapo alikuwa na haki, kwa sababu ilitoka tope jekundu la miaka yote hiyo. Nadhani hilo tope ndilo lililomchemshia baba mlimani, na kidude kikabeba lawama. Alhamisi akakifunga, ananung'unika, ameninunia kidogo.

Leo ndiyo ilikuwa safari ya kwanza.

Kabla ya Zuzu mshale ukaanza kupanda. Miaka yote nimefundishwa kwamba mshale ukipanda ndiyo mwisho wa gari, na sasa ulikuwa unapanda mbele ya macho yangu, taratibu, nami nimeshika usukani kwa mikono miwili nikijisemesha kwa sauti. Ulipofika katikati ukasimama. Tukapita Kigwe haujasogea. Nikafungua hita, kwa kujaribu tu, na joto likanipuliza kwenye vidole vilivyokuwa vimekufa ganzi. Nusura nilie kwa jambo dogo kama hilo.

Nilifika, nikamwamkia baba, nikashusha madumu ya maji. Kama kawaida akataka kwenda kuwasalimia ng'ombe. Kiangazi huwa tunawapeleka kwa binamu yangu ukingoni mwa mbuga ya Bahi, ambako majani bado yapo. Nikampandisha mbele, nikamfunga mkanda, tukaondoka. Hatujafika mbali akaanza kusogeza miguu.

"Mama, kuna joto hapa chini." Baba huniita mama akiwa na furaha, na akiwa na hofu. Kisha akashika kitasa cha mlango. "Inachemka! Simama, simama, utaua injini!"

Nikasimama porini, upepo unatupiga, maana angeruka kweli. Nikashuka, nikamzungukia, nikamweleza. Niliogopa kumweleza. Nilikuwa namwambia baba yangu kwamba kitu alichojivunia tangu ujana wake kilikuwa kosa, na kwamba kile kilichotupwa majanini mlimani hakikupaswa kutupwa. Alisikiliza bila kunikatisha. Akashuka, akapapasa hadi mbele, akaweka kiganja juu ya boneti akakiacha hapo.

"Kumbe muda wote huo ilikuwa inasikia baridi," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Maskini."

Alilisema vile anavyosemea ndama. Nikaanza kucheka, naye akacheka, tukashikilia gari tukicheka. Sikumbuki mara ya mwisho tulipocheka pamoja tangu mama aondoke.

Halafu akauliza, "Sasa haili sana?"

"Haili sana."

"Kwa hiyo nabaki."

Makubaliano yetu hatukuwa tumemweleza, au ndivyo nilivyodhani.

"Yohana alinipigia kwa jirani," akasema. "Akaniambia niombee gari." Alikuwa bado ameelekea kwenye boneti, si kwangu. "Mimi nataka kubaki, sitakuficha. Lakini nakusikia unavyoshuka siku hizi. Zamani ulikuwa unaruka, mlango pa! Sasa mlango unafunguka, nakaa, nakaa, ndipo nasikia mguu. Ukichoka sema wewe, mama. Usiiachie gari ikusemee."

Nikamjibu kwamba sijachoka.

"Haya," akasema, kwa sauti ile ya kumwachia mtu na uongo wake.

Tulipofika kwa binamu, alishuka akaanza kuita ng'ombe majina. Mmoja akaja kumlamba mkono wa shati. Ilikuwa picha nzuri, ningepaswa kupiga. Mimi nililala juu ya usukani, mdomo wazi, mpaka alipogonga kioo kwa fimbo kuniambia jua linakwenda.

Kurudi mjini mshale wa mafuta ulikuwa juu ya nusu. Nilisimama sheli nikautazama, nikazima, nikawasha tena, nikautazama. Yule dada anayenijazia kila Jumamosi akaniuliza kama leo sikwenda Bahi. Nikamwambia nimekwenda. Akasema basi gari limeokoka.

Nilitegemea furaha. Badala yake nilikaa pale nimeegemea kiti, nikaziona Jumamosi zote zilizo mbele yangu: madumu, mchanga, upepo, mwezi wa saba mwingine na mwingine. Nampenda baba. Namwombea maisha marefu, na ninajua maombi hayo maana yake ni nini kwa mgongo wangu. Vyote viwili ni kweli, na hakuna kinachokipisha kingine.

Ndipo ujumbe wa Yohana ukaingia. "Gari vipi?"

Nikaandika: "Bado inakula."

Niliandika kweli. Maneno mawili tu, na yote yangekwisha. Nani angekuja kuhakiki? Samweli mwenyewe angenitetea, angesema alinionya. Gari lingeuzwa bila mimi kuonekana mbaya, na baba angekaa hapa barazani ameelekea Bahi, nami Jumamosi ningelala mpaka jua lichome dirisha. Nililitazama neno "inakula" mpaka mtu wa nyuma akanipigia honi nitoke kwenye pampu.

Nimefika nyumbani nalo likiwa halijatumwa. Nimelifuta hapa jikoni, sasa hivi, kabla sijaanza kuandika haya. Nikaandika mengine:

"Gari imepona. Baba anabaki. Aliyechoka ni mimi, kaka. Treni siku hizi ni saa chache tu. Kila mwezi Jumamosi mbili uje uendeshe wewe."

Nikatuma kabla sijaanza kuyapamba. Hakuna pole, hakuna samahani, hakuna kicheko cha mwishoni cha kupunguza makali. Sijawahi kumwandikia kaka yangu mkubwa hivyo.

Amesoma. Naona anaandika. Ameacha. Anaandika tena, ameacha tena.

Sijui atasema nini. Anaweza kukasirika, anaweza kuniambia ana kazi, watoto, foleni za Dar. Yote nayajua na yote ni kweli. Lakini kwa mara ya kwanza anayehangaika kutafuta la kujibu si mimi.

Naiacha simu hapa mezani. Naenda kuoga.